Sauti Ndani ya Sikio la Damien

Mlio ndio uliotangulia. Piii, mrefu, ukanyamaza. Piii tena, mrefu vilevile. Kavugho aliusikia kupitia simu aliyoibana kati ya bega na shavu, mikono yake yote miwili ikiwa ndani ya beseni la sombe, majani ya muhogo.

"Acha ilie mara moja tena," alisema. "Usizime."

Piii.

"Sawa, zima. Courant ya umeme iko, ni barrette ya mémoire, ile kipande ya kumbukumbu. Iko muchafu, ao imelegea. Fungua sanduku, Papa Emma."

Upande wa pili wa mji wa Lubumbashi, katika ofisi ya depot, ghala la bidhaa la Papa Bénit, mume wake Damien aliitikia kwa kichwa polepole kama daktari aliyemshika mgonjwa kifua. Akawageukia watu waliomzunguka. "Ni mémoire," alisema kwa sauti nene. "Nilijua tangu naingia."

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi kwa miaka mitatu. Cheti cha informatique, ufundi wa kompyuta, kilikuwa cha Kavugho, lakini siku alipokwenda kutengeneza kompyuta katika villa moja ya mtaa wa Golf, mwenye nyumba alimwambia getini kwamba wa kufagia ameshapatikana. Tangu siku ile Damien ndiye aliyekwenda kwa wateja, shati limepigwa pasi, mkoba begani, waya wa écouteurs ukipanda kutoka mfukoni hadi sikioni. Aliyeuliza aliambiwa kwamba upande ule yuko collègue wake, fundi mwenzake wa Lusaka. Kavugho alibaki nyumbani Bel-Air, akisikiliza na kuamuru. Mikono ilikuwa ya Damien, kazi ilikuwa ya Kavugho, na bango lililopigiliwa ukutani liliandikwa DAMIEN INFORMATIQUE.

Alhamisi hiyo, ili mke wake ausikie mlio vizuri, Damien alikuwa amefungua sauti ya nje ya simu kwanza, kisha ndipo akachomeka écouteurs, akailaza simu sakafuni kando ya sanduku. Alipoinama chini ya meza na tournevis kufungua skrubu za sanduku la kompyuta, waya ukanasa kwenye mpini wa droo. Ukachomoka. Yeye hakujua. Alijua tu aliposikia sauti ya mke wake, kubwa, wazi, imejaa ofisi nzima:

"Mara ngapi nakuambiaka, usibonyeze mbele sijasema! Acha mikono yako! Kamata gomme ya mutoto, ile ya kufutia maandishi, niliweka ndani ya mkoba, upanguse meno ya barrette polepole, kama vile unapangusa masikio ya Emmanuella. Haya. Na usitetemeke, nasikia tournevis inagonga."

Jeannot, mkuu wa ghala, mtoto wa Lubumbashi asiyejua kufunga mdomo, akaangua kicheko mpaka akashika ukuta.

"Eh! Ule collègue ya Lusaka, kumbe anavalaka pagne ya bamama!" Aliwageukia wapakiaji waliokuwa mlangoni. "Bandugu, muone! Papa Damien haiko fundi. Ni haut-parleur tu, inatoa sauti ya bibi yake!"

Wapakiaji wakacheka. Damien alibaki chini ya meza, gomme mkononi, masikio yakiwaka moto.

Mtu mmoja tu hakucheka. Papa Bénit alikuwa ametoka Butembo miaka mingi iliyopita na lori moja la viazi. Sasa malori yake yalibeba sukari, unga na chumvi hadi Kasomeno, na mengine hadi mpakani Mokambo. Aliinama, akaisogelea simu kama anavyosogelewa mtu mwenye adabu zake.

"Mama, unaitwa nani?"

"Kavugho, Papa. Mama ya Emmanuella." Sauti ilikuwa imeshuka sasa, imejaa aibu. "Munisamehe. Sikujua munanisikia."

"Kuna kitu kingine unasikia ndani ya hii machine?"

"Papa, mbele ya ule mlio ya mémoire, nilisikia diski. Diski muzima inaimba wimbo moja. Hii yenu inakatakata pumuzi. Iko karibu kufa. Munapashwa kununua ingine, tukopye bitu yote mbele haijakufa."

Papa Bénit alitabasamu. Damien aliliona tabasamu lile kutoka chini ya meza. Miaka mitatu alikuwa amemtumikia mtu huyu, na hajawahi kupewa hata nusu yake. Kidole chake kikainuka, kikakata simu.

"Réseau imekatika," alisema.

"Diski ninanunua leo," alisema Papa Bénit, akijinyoosha. "Lakini kesho saa mbili umulete bibi yako. Nataka afanye ile kazi yeye mwenyewe, na mikono yake. Akifanya muzuri, ninamupa machine za depot zote tatu azilinde: hii, ya Kasomeno, na ya Mokambo. Umesikia, Damien?"

Damien alisikia. Alisikia hasa kwamba jina lake liliitwa mwishoni, kama la mtu anayetumwa kupeleka ujumbe.

* * *

Nyumbani, Kavugho alimwekea bukari, ugali wa mahindi, na sombe, akakaa mbele yake akingoja. Damien alimega tonge, akalikanda muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Alisema nini?"

"Nani?"

"Papa Bénit. Simu ilikatika."

"Alikasirika." Damien hakuinua macho. "Alisema yeye aliita fundi, hakuita bibi ya fundi. Diski atanunua, kesho naenda kuikopya."

Kavugho aliinamisha kichwa. Uongo ule ulimwingia kwa urahisi, kwa sababu ulifanana na mambo mengi ya kweli aliyokwisha kuambiwa. Damien alimwona akiinamisha kichwa, na badala ya kuona haya aliona nafuu. Lakini nafuu haikudumu. Akalirudisha tonge sahanini.

"Ulifurahi kuongea naye."

"Na nani?"

"Naye Papa Bénit. Sauti yako ilibadilika."

"Papa Emma, sauti yangu ni hii."

"Hapana. Miye unaniambiaka 'acha mikono'. Yeye unamuambia 'diski inaimba'." Alisukuma sahani. "Miaka mitatu niko na wewe ndani ya sikio. Hata siku moja haukuniambia kama diski inaimba."

Kavugho alimtazama mume wake, akataka kucheka. Kisha akaona kwamba si mzaha. Alikuwa amemwona Damien na wivu wa aina nyingi: wa jirani aliyenunua pikipiki, wa pasta anayeshika mkono wa watu muda mrefu. Huu haukuwa na mwanaume ndani yake, na ndiyo sababu hakujua aushike wapi. Mume wake alikuwa anamwonea wivu yeye mwenyewe.

"Haukuniuliza," alisema taratibu. "Ningekuambia. Unapenda nikufundishe?"

"Mwanaume anafundishwa na bibi yake?"

"Anaongozwa tu na simu?"

Damien alisimama, akanawa mikono. Mlangoni Kavugho akamsemesha tena, kwa sauti ya kazi sasa. "Kesho, ile kukopya diski, haiko sawa na barrette. Mukikosea hapo, hakuna kurudi nyuma. Usibonyeze kitu mbele haujaniita. Umesikia?"

"Nimesikia."

Asubuhi alipokwenda kupangusa meza, Kavugho alikuta écouteurs zimekunjwa vizuri, zimewekwa kando ya thermos. Damien alikuwa ameshaondoka.

* * *

"Bibi yako iko wapi?" aliuliza Papa Bénit.

"Anagonjwa, Papa. Malaria imemulalisha tangu jana mangaribi. Lakini kazi naijua. Tulizungumza yote."

Papa Bénit alikunja uso, akatoa simu, akatoka nje kuzungumza na mke wake. Damien hakuijali simu ile. Angepaswa kuijali.

Alikaa kwenye kiti. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu sikioni mwake, na kimya kile kilimlevya. Akaifungua kompyuta, akachomeka diski mpya, akairudisha ile ya zamani pembeni yake. Jeannot alikuja kusimama nyuma yake na kikombe cha chai.

"Leo hakuna Lusaka?"

"Leo ni miye."

"Haya, haut-parleur. Tuone."

Programu ya kukopya ikafunguka, ikaonyesha diski mbili, namba moja na namba mbili, ikauliza ichukue wapi na ipeleke wapi. Hilo alilijua. Mara ngapi Kavugho alikuwa amemwambia: "Chukua namba moja, peleka namba mbili." Namba moja, namba mbili. Mikono yake ilikumbuka vizuri kabisa. Jambo ambalo mikono haikujua ni kwa nini. Siku zote Kavugho alikuwa amemwambia kwanza waya gani aingize kwenye diski gani. Leo hapakuwa na wa kumwambia, na diski mpya, isiyo na kitu, ndiyo aliyoichomeka mahali pa kwanza.

Programu ikamuuliza kama ana hakika. Jeannot alikuwa anafyonza chai nyuma yake. Damien akabonyeza.

Akachukua namba moja, akapeleka namba mbili. Alichukua utupu, akaumwaga juu ya miaka minne ya kazi ya Papa Bénit.

* * *

Bel-Air, Kavugho alikuwa na tournevis kati ya meno na kompyuta ya mwalimu jirani imefunguliwa mbele yake, aliposikia wanawake wakiimba getini, taratibu, kama wanavyoimba watu wanaoingia nyumba ya mgonjwa. Akatoka. Walikuwa watatu, wanawake wa kanisa. Mbele alikuwa Mama Jemima, mke wa Papa Bénit, thermos ya bouillie, uji wa mgonjwa, mkononi. Wa nyuma yake alibeba machungwa ndani ya beseni.

Wimbo ulikatika katikati.

"Kavugho! Umesimama?"

"Nimesimama, Mama. Munauliza juu ya nini?"

"Wanatuambia malaria imekuangusha! Papa ametuma tukuje kukuombea, eti bwana yako amesema huwezi hata kuinua kichwa." Mama Jemima aliitazama tournevis. "Ndiyo maana haukuenda depot, Papa alikungoja asubuhi. Akanunua na diski. Alishinda jana jioni akisema jina lako mpaka nikamuuliza, huyu Kavugho ni nani kwako?"

Wanawake wakacheka. Kavugho hakucheka. Ndani ya maneno yale yalikuwamo mambo mawili, nayo yalimfikia moja baada ya jingine. Aliitwa. Na mume wake alimlaza kitandani ili asiende.

Angeweza kusema ukweli palepale. Wanawake watatu, mji mzima ungejua kabla ya saa sita. Lakini alimwona Damien mbele ya macho yake akiwa peke yake na diski mbili, na hasira yake ikabidi isubiri zamu.

"Nimepona," alisema.

"Mungu wangu! Hata hatujaomba!" Mama Jemima alipiga makofi. "Jumapili utatoa ushuhuda! Mbele ya kanisa lote!"

"Mama, gari yenu iko wapi? Nipelekeni depot. Sasa hivi."

Akaingia chumbani, akafungua kopo la maziwa ya unga lililokaa juu ya kabati. Ndani yake, ndani ya kitambaa, mlikuwa na diski ndogo ya kubebeka. Kila Jumanne alimlazimisha Damien kuirudisha nyumbani ikiwa na kopi ya kazi zote za depot, na kila Jumanne Damien alinung'unika kwamba huo ni wasiwasi wa wanawake.

* * *

Malori saba yalikuwa yamesimama uani kwa mstari, na madereva wanapiga honi. Hakuna lori lililotoka bila orodha yake kutoka kompyuta: nani aliagiza nini, nini kishushwe Kasomeno, nini kiendelee hadi Kasenga. Damien alikuwa amesimama nje ya mlango wa ofisi, shati limelowa jasho. Alipomwona mke wake akishuka kwenye gari la Mama Jemima, alimkimbilia, akamkamata mkono, akamvuta nyuma ya magunia ya chumvi.

"Rudia nyumba."

"Umefanya nini?"

"Nimesema rudia nyumba!"

"Diski mpya uliichomeka wapi?"

"Namba moja," alisema Damien. Kavugho alifumba macho. Alikuwa ameelewa.

"Papa Bénit anajua?"

"Anaona tu écran ya kompyuta haina kitu. Amesema ananipa saa moja, kisha anaita polisi." Sauti yake ilipasuka. "Heri polisi. Heri banifunge, kuliko wewe uingie pale, ukae, na Jeannot acheke. Unasikia? Heri bifungo."

Kavugho aliitoa diski ndogo chini ya pagne.

"Kopi ya Jumanne," alisema. "Iko yote, isipokuwa siku tatu za mwisho. Kamata. Enda useme ni wewe uliichunga. Mie siingii. Nitaikala hapa juu ya chumvi."

Damien aliitazama. Aliinyakua kama mwenye njaa, bila neno la shukrani, akarudi ofisini.

"Niko na kopi!" alitangaza. Papa Bénit akainua kichwa. Jeannot akaweka kikombe chini. Damien akakaa, akachomeka diski ile, akaweka vidole juu ya herufi za clavier.

Na hapo ndipo vidole vilipobaki.

Mafaili yalijipanga mbele yake, majina marefu, tarehe, namba. Alingoja. Alitambua kwamba anangoja, kwamba kichwa chake kimeinama kidogo upande wa kulia, upande wa sikio lile, kikitega kusikia. Jeannot naye alitambua.

"Lusaka haijibu?" aliuliza Jeannot, lakini hata yeye hakucheka sana.

Honi zililia. Dirishani, Damien alimwona mke wake juu ya magunia, amempa mgongo, anachezea ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Hakuwa anachungulia. Hilo lilimuuma kuliko yote: kwamba hakuhitaji kuchungulia ili ajue. Alimwonea wivu mgongo ule uliotulia. Alitamani awe na kitu kimoja, kimoja tu, anachokijua kama vile mwanamke yule alivyokijua hiki.

Akasimama. Kiti kikakwaruza sakafu.

"Papa Bénit," alisema, "kopi haiko yangu. Ngoja niite mwenyewe, bibi yangu."

* * *

Kavugho aliingia, akasalimia watu kwa magoti kidogo kama alivyolelewa, kisha akakaa na kusahau kwamba wapo. Hakuuliza chochote. Alichomoa waya mbili, akabadilisha, akaandika, akangoja, akaandika. Baada ya dakika arobaini orodha ya Papa Bénit ilikuwa imerudi kwenye écran mpaka Jumanne jioni.

"Siku tatu zimebaki," alisema. "Madereva beko na bons, zile karatasi za maagizo ya mizigo? Kila moja aje na yake. Muntu mumoja anisomee kwa sauti, mie naandika."

"Jeannot," aliita Papa Bénit.

"Hapana," alisema Damien. "Ni miye nitasoma."

Akazichukua karatasi, zenye mafuta na vumbi, akasimama kando ya bega la mke wake. "Lori ya Kangwa. Sukari, mifuko mia mbili, Kasomeno. Chumvi, mifuko themanini, Kasenga." Vidole vya Kavugho vilikimbia. "Polepole," alisema, "namba ya bon kwanza." "Namba mia saba na kumi na ine." "Endelea." Walifanya hivyo mpaka jua lilipoanza kuondoka dirishani. Mara moja Jeannot alipita, akanong'ona, "Haut-parleur," na Damien akameza mate, akasoma mstari uliofuata. Neno lile lilimuuma. Aliusoma.

Lori la mwisho lilipotoka getini, Papa Bénit alifungua daftari lake. "Depot tatu," alisema, akimwangalia Kavugho. "Contrat ya kazi ninaandika kwa jina la nani? Ingénieur, weye unasema nini?"

Ingénieur, mhandisi. Hakuna mtu aliyewahi kumwita Damien hivyo, hata kwa utani. Neno lile lilimpita usoni kama kofi lililokusudiwa mtu mwingine. Kavugho alimtazama mume wake, si kwa kuomba ruhusa. Alitaka tu kuona atafanya nini.

"Andika Kavugho," alisema Damien. Sauti ilitoka ndogo. Akarudia. "Andika: Kavugho."

Mama Jemima, aliyekuwa ameshinda uani na machungwa yake, akaingia akipiga vigelegele. "Na Jumapili ni ushuhuda! Asubuhi amelazwa, mchana ameokoa depot! Kavugho, utasimama useme Mungu alivyokuponya!"

Kavugho alikuwa anakunja waya. Mikono yake ilisimama. Hasira iliyosubiri zamu tangu asubuhi ilikuwa imefika, na Damien aliiona ikija.

"Mama Jemima," alisema Kavugho, "mimi sitasimama kanisani kusema uongo."

"Uongo gani?"

Damien alijua kwamba mke wake hataongeza neno. Alikuwa amemlinda mara mbili siku hiyo. Mara ya tatu haikuwepo. Kutoka hapo mpaka Jumapili zilikuwa siku mbili, na katika kanisa lile walikaa wafanyabiashara wote waliotoka Butembo kama Papa Bénit, wateja wake wote, waliomsalimia kwa jina la bango lake.

Akamgeukia Kavugho, si Mama Jemima, akasema mbele ya wote, hata Jeannot aliyekuwa mlangoni:

"Jumapili usisimame. Nitasimama miye. Nitasema bibi yangu hakugonjwa hata siku moja, kazi yote ya miaka mitatu ilikuwa yake, na mugonjwa alikuwa miye. Itaniuma, Mama Emma. Inaniuma hata sasa. Lakini nitasema."